Dakika Tatu Nyuma ya Ndege Kubwa

Nyumbani walimwita Kimya tangu utotoni, na kazi aliyoipata ukubwani iliwachekesha ndugu wote: alilipwa mshahara kwa kuongea. Kila asubuhi alipanda ngazi za mnara wa kuongozea ndege, akavaa visikilizio, na mtu yule yule aliyeshindwa kumwambia muuza duka kwamba mkate wa jana ulikuwa na ukungu akawa anawaamuru wanaume wenye mvi wapande, washuke, wasubiri, wageuke kulia. Nao walitii. "Ukitaka dada yangu mdogo akuongeleshe," kaka yake alizoea kusema, "jifanye ndege."

Sasa ilikuwa siku ya tatu hajapanda ngazi zile.

Jumatano, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, ndege kubwa ya mizigo ilitua. Nyuma yake ilikuwa inakuja ndege ndogo ya shule ya urubani, ndani yake mwalimu na mwanafunzi. Sheria inasema dakika tatu. Ndege kubwa huacha nyuma yake hewa iliyovurugika, inayojizungusha kama maji yanayozama kwenye tundu la sinki, na ndege ndogo ikiingia humo yaweza kupinduliwa kama karatasi. Kwa hiyo mtu wa mnarani huziacha dakika tatu zipite, hewa itulie. Kimya aliziacha. Aliamini hivyo. Kisha ile ndogo ikagusa ardhi, ikakimbia kidogo, ikavuta kushoto ghafla, ikatoka kwenye njia na kuchimba pua majanini. Mwalimu alichubuka paji la uso, mwanafunzi akatoka na bega lililoteguka. Jioni mwalimu akaandika kwenye ripoti yake kwamba walipigwa na upepo wa ndege kubwa.

Taabu ilikuwa kwenye kikaratasi. Kimya aliandika saa ya kutua ya ile kubwa, nne na kumi na nne, na ya ile ndogo, nne na kumi na saba, bila sekunde, kama walivyofundishwa wote. Kati ya namba hizo mbili zinaweza kukaa dakika mbili na sekunde moja, au dakika tatu na sekunde hamsini na tisa. Mkuu wake alimwambia akae nyumbani mpaka Jumanne, kamati ya uchunguzi itakapokutana. "Si adhabu," alisema, lakini cheti chake cha kazi alikifungia kwenye droo.

Wala kazi haikuwa ndiyo inayomuuma zaidi. Lililomkosesha usingizi ni kwamba yeye mwenyewe hakujua. Labda alimharakisha yule mwanafunzi. Labda sekunde arobaini za uvivu wake zilitaka kumuua mtoto wa watu. Alijaribu kuzihesabu tena akiwa anapiga mswaki, akiwa anakunja nguo, na kila mara zilitoka idadi tofauti.

Mama aliambiwa ni likizo. Aliyeujua ukweli ni kaka peke yake, na Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni kwake akichezea funguo za gari.

"Vaa viatu. Twende kwa Shangazi."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Hapa ukuta umeshachoka kutazamwa."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei mwenye karakana ya matairi, mabega mapana, na kucha zilizokataa sabuni za aina zote. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilicho wazi upande wa barabarani: kompresa iliyokohoa pembeni, beseni la maji ya kutafutia tundu, mashine ya kubandulia tairi, na benchi lililowahi kuwa kiti cha nyuma cha gari la mtu. Kila Jumamosi wapenzi wa magari walikutana hapo. Wachache walikuwa na shida ya tairi. Wengi walikuja kupiga soga.

Kimya alikaa kwenye benchi, karibu na mwanamume mwembamba waliyemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha jiografia. Mwalimu alikuwa na kigari kidogo chenye magurudumu kama ya kigari cha kubebea mtoto, na alikipenda waziwazi, bila aibu.

"Shangazi, shikamoo," kaka alisema. "Leo nimekuja kununua. Nataka loprofaili."

"Marahaba. Zipi?"

Kaka aliligonga tairi moja lililotundikwa ukutani. Lilikuwa jeusi, jipya, pana, na ubavu wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba rimu ya inchi kumi na nane ingejaa humo karibu yote. "Hizi."

"Gari lako lina miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na unataka kulivisha viatu vya harusi."

"Mwache, Shangazi," Mwalimu alisema. "Wengine tumezaliwa kufa na tai shingoni."

Shangazi aliliteremsha lile tairi, akaliegemeza gotini. "Sikiliza, mwanangu. Tairi la kawaida lina mbavu. Likiingia shimoni, zinazolia ni mbavu, wewe unaendelea na mazungumzo yako. Hili halina mbavu. Shimo likilipiga, inayolia ni rimu. Rimu ikichoka kulia, unalia wewe."

"Lakini kona, Shangazi. Kwenye kona linashika kama gundi."

"Kona gani?" Mwalimu aliuliza. "Kutoka kwako mpaka kazini njia imenyooka kama rula."

"Nitazunguka."

"Utazunguka ukatafute kona?"

"Ndiyo. Mtu hujitafutia raha yake."

Kimya aligundua kwamba anatabasamu, akajishangaa. Akainamisha kichwa kidogo, kama aliyekutwa anakula chakula cha msibani kabla ya wageni.

Hapo ndipo Bawa alipofika. Alikuwa kijana mnene, mcheshi, aliyefanya kazi kwenye karakana ya ndege za shule ya urubani. Hakuwa fundi mwenye cheti. Aliziosha ndege, akazivuta nje, akajaza mafuta na upepo, na kwa kazi hiyo alijivuna kama rubani. Gari lake lilikuwa limeshushwa, loprofaili nne, chini kiasi kwamba sisimizi akitaka kupita ilimbidi ainame. Alilisimamisha nusu mlangoni, akachomoka humo kwa shida kama mtu anayetoka kwenye pipa.

"Shangazi, ninatetemeka."

"Ni homa?"

"Ni usukani. Mwendo ukifika themanini tu, unanicheza mikononi. Na wewe ndiye uliyezisawazisha, wiki mbili hazijaisha."

Shangazi aliliegemeza lile tairi jipya ukutani. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Kila tairi alilofunga, alilichora kwa chaki ya njano mstari mmoja, ukianzia kwenye rimu na kuendelea juu ya mpira, kama mtu anayeshona vitu viwili kwa uzi. Kwenye gurudumu la Bawa mstari ulikuwa vipande viwili. Kipande cha rimu kilikuwa juu. Kipande cha mpira kilikuwa kimebaki nyuma, vidole vitatu.

"Njoo uone. Tairi limezunguka ndani ya rimu. Vile vyuma vidogo vya kusawazisha nilivipima tairi likiwa hapa. Sasa liko pale. Litaacha vipi kutetemeka?" Akainua uso. "Umetoa upepo."

"Kidogo tu, Shangazi. Zilikuwa ngumu mno, kila kokoto nalisikia kwenye magego. Nikatoa kidogo, zikawa kama godoro."

"Nani alikufundisha?"

"Ni ujanja wa siku zote."

"Ni ujinga wa siku zote. Tairi linashikwa na rimu kwa upepo, si kwa upendo. Ukitoa upepo kisha ukakanyaga breki, rimu inasimama, tairi linaendelea na safari. Na hizi zenu zina ubaya mwingine: zikipungukiwa hazionyeshi. Ubavu mfupi, linasimama wima kama mtu aliyeshiba, kumbe tumboni hamna kitu."

Bawa alicheka, akachukua mpira wa kompresa mwenyewe, akaanza kujaza. Alikuwa mtu wa kukosolewa bila kununa, na ndiyo sababu wote walimpenda.

"Na ile ndege yenu?" Mwalimu alimuuliza. "Iliyolala majanini. Nayo ilikuwa ya loprofaili?"

Kaka alikohoa. Hakuna aliyemjali.

"Ile ni upepo wa ndege kubwa," Bawa alisema, macho kwenye geji ya upepo. "Walimu wetu wote wanasema. Watu wa mnara wamezembea. Mtu kakaa kule juu na feni yake, kaona ndogo imeikaribia kubwa, akaiachia tu ishuke."

"Bawa," kaka alisema, "nipe spana."

"Ipi?"

"Yoyote."

"Hata mimi nimewaeleza wanafunzi wangu," Mwalimu aliendelea, akiwa amefurahi kupata darasa. "Ni injini. Injini za ile kubwa zinapuliza nyuma, sasa yule mdogo akija anakutana na ule mpulizo."

Kimya alitazama viatu vyake. Kamba ya kushoto ilikuwa imelegea. Angeweza kuinama akaifunga, kisha akaenda kukaa garini, na mazungumzo yangerudi kwenye matairi. Badala yake alisikia sauti ya mtu ikisema, "Si injini," na mtu huyo alikuwa yeye.

Waligeuka wote. Mwalimu alikuwa amekaa naye kwenye benchi moja Jumamosi nyingi na hakuwahi kusikia kutoka kwake zaidi ya salamu.

"Ni mabawa," Kimya alisema. "Mabawa yanapoibeba ndege, hewa ya chini inataka kupanda juu kupitia kwenye ncha. Inajiviringisha. Kila ncha inaacha nyuma kitu kama kamba nene, inazunguka, inashuka taratibu. Haionekani. Sisi tunauita mkia. Upepo wa kawaida unausogeza, halafu unachoka wenyewe. Ndiyo maana tunasubiri dakika tatu." Aliinua macho kutoka kwenye viatu. "Nami nilisubiri. Nadhani nilisubiri. Aliyekuwa mnarani Jumatano ni mimi."

Shangazi alinyoosha mkono akaizima kompresa.

"Dada," Bawa alisema, mpira ukiwa bado mkononi. "Samahani. Sikujua."

"Huna kosa. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mwalimu alisogea kidogo kwenye benchi, kama anayempa nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo. Kaka aliishika spana asiyoihitaji. Kisha Shangazi, akiwa anajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akauliza:

"Ilivuta ikiwa hewani, au ikiwa imeshagusa chini?"

"Chini."

"Una hakika?"

"Niliitazama kwa darubini. Magurudumu yote mawili ya nyuma yaligusa, yakatoa kale kamoshi, nikashusha pumzi. Nikainama kuandika saa. Nilipoinua macho bado ilikuwa imenyooka, pua nayo imeshuka. Halafu ikavuta."

"Sasa huo mkia. Unashika mabawa au unashika magurudumu?"

"Mabawa. Ungekuwa mkia ningeona bawa moja linazama kabla ya..." Siku tatu Kimya alikuwa anahesabu dakika. Kamati ilitaka dakika, mkuu wake aliuliza dakika, naye akawa haoni kitu kingine ila dakika. Kila mtu alikuwa ameshapata jibu, na mwenye jibu hatafuti.

"Mimi ndege sizijui," Shangazi alisema. "Hata kupanda sijapanda. Ila gari likiletwa hapa linavuta kushoto, sitazami mbinguni. Natazama tairi la kushoto."

Hakuna aliyekusudia, lakini wote walijikuta wanamtazama Bawa.

Alikuwa amechuchumaa palepale kwenye gurudumu lake, amekishika kifuniko kidogo cha tundu la kujazia upepo kati ya vidole viwili. Uso wake mpana, uliozoea kucheka, ulikuwa umekauka.

"Mwanangu," Shangazi alisema kwa upole, "matairi ya ile ndege anayajaza nani?"

"Mimi."

"Uliyajaza lini?"

Bawa alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango wa gari lake. "Jumanne jioni. Ila sikuyajaza. Niliyapunguza." Alisema haya taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake. "Wanafunzi wapya wanatua vibaya. Ndege inadunda kama mpira, na mwalimu kila siku analalamikia kiuno. Nikasema nitoe kidogo, iguse kwa ulaini. Kidogo tu, Shangazi. Kama ninavyofanya kwangu."

"Yana mstari?"

"Mwekundu. Fundi mkuu huyachora."

"Sasa hivi umekaa wapi?"

"Sijautazama. Alhamisi tulipoitoa majanini, lile la kushoto lilikuwa limelala kabisa. Nikajiambia ni jiwe, ni mtaro wa kule majanini. Nikalifungua, nikafunga jingine ili tuivute, nikaliweka stoo." Akakizungusha kile kifuniko. "Nafikiri sikutaka kuutazama."

Kimya alidhani, kama jambo la namna hii likija kutokea, angeruka kwa furaha. Haikuwa hivyo. Aliogopa kwamba ni kweli, kisha akaogopa kwamba si kweli, na katikati ya woga ule na huu akamwona Bawa akikizungusha tena kile kifuniko, kama anayehesabu. Aliijua ile hesabu. Alikuwa nayo tangu Jumatano.

"Hatujui bado," alimwambia. "Usijihukumu kwa kitu ambacho hujakiona."

Ndiyo maneno ambayo yeye mwenyewe alitamani mtu amwambie, siku tatu nzima.

Bawa alisimama. "Nampigia fundi mkuu. Nikichelewa nitaogopa." Akatoka mpaka barabarani na simu yake. Walimwona kwa mgongo tu, akiinamisha kichwa, akitikisa, akiinamisha tena. Mwalimu alitaka kumfuata, Shangazi akamzuia kwa kidole. Bawa aliporudi alisema, "Amesema twende. Na anamwita mama wa kamati."

"Basi nendeni," Shangazi alisema. "Na hilo tairi mtu asiliguse. Lisemeshwe na wenyewe."

Walikwenda kwa gari la kaka, kwa sababu la Bawa lilikuwa na gurudumu moja juu ya jeki. Kaka aliendesha bila kusema neno lolote juu ya matairi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kimya hakukaa mbele. Alikaa nyuma, karibu na Bawa.

"Ungeweza kunyamaza," alimwambia walipokaribia uwanjani.

"Hata wewe. Tena jina lako lilikuruhusu."

Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Bawa naye akacheka kidogo, kisha akageukia dirishani na kujipangusa uso.

Fundi mkuu aliwapokea mlangoni mwa karakana ya ndege. Alikuwa mzee mrefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, hana maneno. Ndege ndogo ilikuwa mle ndani, pua imefungwa turubai, propela imepinda kama kijiko kilichokaliwa. Mchunguzi wa kamati alifika baada ya nusu saa, mama wa makamo amevaa kandambili, mikono ya gauni imelowa mpaka viwiko.

"Mmenitoa kwenye kufua," alisema. "Liko wapi?"

Alilitoa stoo mwenyewe, kwa glavu, akaliweka mezani juu ya gazeti, akalimulika kwa tochi ingawa mchana ulikuwa mweupe. Halikuwa loprofaili. Lilikuwa tairi dogo, nene, lenye ubavu wa kutosha na mpira mwingine ndani. Kwenye rimu kulikuwa na mstari mwekundu, umechorwa kwa mkono usiotetemeka. Kwenye tairi hapakuwa na kitu. Mama yule alilizungusha polepole, na ule mwenzake ukajitokeza, nyekundu ile ile, umbali wa vidole vinne.

Alipima kwa rula, akapiga picha, akaandika. Kisha akamulika ndani ya tundu la rimu, pale mdomo wa mpira wa ndani unapochomoza ili kujaziwa upepo. Mdomo ulikuwa umekatwa shinani.

"Breki imeshika," alisema, kama anayejisomea. "Rimu imesimama, tairi limeendelea, mpira wa ndani umefuata tairi, mdomo umebaki na rimu. Upepo wote umetoka kwa mara moja." Akamtazama Bawa. "Wewe ndiye uliyepiga simu?"

"Ndiyo, mama."

"Utaniandikia yote, kuanzia Jumanne. Kwa maneno yako, usitafute mazuri."

"Ndiyo, mama."

Fundi mkuu aliishusha miwani, akaipandisha tena. "Mimi na wewe tutazungumza Jumatatu," alimwambia Bawa. "Na usidhani utasema peke yako. Saini ya ukaguzi wa Jumatano asubuhi ni yangu. Nililigonga kwa mguu, nikaona limesimama, nikatia saini." Bawa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiinamia, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetapika kilichomsumbua.

Kimya alisubiri mpaka glavu zikavuliwa. "Na zile dakika?" aliuliza.

"Dakika zako tutaziangalia, ndiyo kazi yetu. Na kikaratasi chenu hicho kisicho na sekunde nitakisema mbele ya wakubwa." Yule mama alilikunja gazeti kulifunika tairi. "Hukumu sitoi mpaka Jumanne. Ila mkia wa upepo haukati mpira wa ndani, hilo nakwambia leo. Umekula?"

"Bado."

"Tangu lini?"

Kimya alifikiri. Hakukumbuka.

"Basi Jumanne uje umekula."

Kimya alirudi nyuma mpaka akaupata ukuta, akauegemea, na pumzi ikashuka mpaka chini kabisa tumboni, mahali ambapo haikufika tangu Jumatano. Hakuwa amemharakisha mtu kwenda kufa. Zile sekunde zingeweza kuwa ngapi zilivyotaka, hazikuwa zimembeba yule mwanafunzi majanini. Kaka alikuja akasimama kando yake, bega kwa bega, akaangalia dari kwa makini kama anayetaka kuinunua.

"Nimeamua nibaki na matairi yangu ya zamani," alisema.

"Vizuri."

"Kwa mwezi huu."

Mlango mdogo wa nyuma ulifunguka, akaingia binti wa rika la Kimya, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alikuwa yule mwanafunzi. Mchunguzi alikuwa amemwita kutoka bwenini aje aeleze ndege ilivuta lini hasa. Alieleza kwa sauti ndogo: walikuwa chini, wamenyooka, mwalimu akasema breki, akakanyaga, ndipo ikavuta. Alipomaliza akaonyeshwa mistari miwili myekundu na ule mdomo uliokatika.

"Kwa hiyo si mguu wangu?"

"Mguu gani?" mchunguzi aliuliza.

"Breki ziko mbili, moja kila mguu. Nilidhani nilikanyaga ya kushoto zaidi. Mwalimu wangu alipoandika upepo nikajua ananificha, ananionea huruma." Alikalia boksi la vyuma. "Begi nimeshafunga. Nilikuwa naondoka kesho. Sikutaka kugusa ndege tena."

Watu waliokuwa pale walitazamana. Mmoja alikuwa amebeba dakika, mmoja tairi, mmoja mguu, kila mtu na mzigo wake na mlango wake umefungwa. Fundi mkuu alitoka nje kutafuta maji ya kunywa, au alisema hivyo.

"Fungua begi," Kimya alimwambia yule binti.

Binti aliinua uso upesi. "Sema tena."

"Fungua begi, nimesema."

"Ni wewe. Wewe ndiye sauti ya Jumatano. 'Njia ni yako, shuka taratibu.'"

"Ndiyo."

"Tulipokuwa majanini uliniita mara tatu. Nilikusikia zote. Mwalimu wangu alikuwa anafungua mlango, mimi mkono ulikataa kuinuka, nikashindwa kubonyeza kitufe nikujibu. Halafu redio ikazimika." Alikivuta kile kitambaa cha shingoni. "Nimekuwa nikiwaza kwamba kuna mtu kule juu sikumjibu."

Kimya aliujua ule ukimya wa redio. Aliita, akasubiri, akaita, akasubiri, akaita. Alisogea akachuchumaa mbele ya lile boksi, wakawa macho kwa macho.

"Nijibu sasa," alisema.

Yule binti alinyoosha mgongo kadiri bega lilivyomruhusu. "Mnara, tuko salama. Wote wawili."

"Nimekupata," Kimya alisema, kwa sauti ile ile ya mnarani, ingawa mara ya kwanza haikutoka vizuri na ilimbidi airudie.